Diski Mbili Katika Sanduku Moja

Chepilat,
9 Machi 1997

Kaka Kipngetich,

Nakusalimu kutoka nyumbani, ambako mvua imeanza wiki mbili kabla ya wakati wake, na Mama anasema Mungu ameona mahindi yetu yalivyo mafupi akatuhurumia. Mama ni mzima. Goti linamsumbua asubuhi tu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Nyanya yetu Kogo ametuma maziwa ya mursik kutoka Merigi katika kibuyu kilekile ulichokivunja mdomo ukiwa darasa la nne, na bado anakitaja kila mara. Majani ya chai yanatoka vizuri kiasi kwamba juzi tuliacha mistari miwili bila kuchuna kwa sababu gari la kiwanda lilikuwa limeshapita.

Kuhusu Baba. Ametoka hospitali, hii ni wiki ya tatu. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havijarudi. Maneno hayajarudi hata moja. Anafungua mdomo, tunangoja, anaufunga. Daktari alituonyesha jambo ambalo hatukulijua: hamwoni mtu aliyekaa kuliani kwake. Jicho ni zima, ila kiharusi kimefunga upande huo wote. Mchungaji Mathew alikaa upande huo nusu saa akiomba kimyakimya, na Baba, akidhani ameachwa peke yake, akatokwa na machozi. Siku hizi kila mgeni tunamkalisha kushoto. Nakuandikia haya ingawa hukuuliza.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta yetu unaijua kwa barua tu, maana ilikuja miaka mitatu baada ya wewe kuondoka. Baba aliinunua Nakuru alipostaafu ualimu, ikiwa imeundwa tayari na kufungwa, na nyuma ina kibandiko cha rangi ya fedha kinachoonya kwamba atakayekikata asiirudishe dukani. Inakaa juu ya ile meza aliyoichonga Mogaka, jirani yetu wa zamani. Mimi huitumia kuchapa mitihani ya shule za hapa. Baba naye alikuwa na mambo yake humo. Tangu Septemba alifunga mlango kila Jumamosi akaandika kwa vidole viwili, na mchungaji alipomuuliza, alisema anaandika yote aliyoyaona hapa mpakani, kati yetu na watu wa Kisii, wakati wa mapigano ya mwaka wa tisini na mbili. Hakutusomea.

Wiki iliyopita Dolphine, binti wa Eliakim wa ofisi ya kiwanda, alinipa disketi yenye kionjo cha gemu ya kurusha ndege. Kwa mashine yetu ndege hiyo inaruka kama kuku aliyefungwa mguu, tena bila sauti. Lakini Baba alikuwa kitini, na ndege ilipoacha ardhi aliinua mkono wa kushoto, kiganja juu, kama mtu anayesaidia kitu kupanda. Tangu Januari hakuwa amefanya jambo lolote ambalo hakuombwa.

Gemu nzima iko kwenye CD. Dolphine atanikopesha. Mashine yetu haina pa kuingiza CD, haina kadi ya sauti, memori ni megabaiti nne, na diski imejaa. Wewe unafungua mashine za watu kila siku. Niambie kinachotakiwa na namna ya kukiweka. Chuo hakitaniita kabla ya Oktoba. Sitaki kuambiwa niipeleke kwa fundi Kisii. Nataka kuifungua mwenyewe.

Hospitalini tulikuwekea kiti siku tisa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Dadako,
Chepkurui


Nairobi,
2 Aprili 1997

Injinia Chepkurui,

Chamgei. Mimi niko fiti, na kile kikohozi cha Februari kimeniacha. Nimehamia chumba ambacho maji yanapanda mpaka ghorofa ya pili, kwa hivyo naoga kama waziri. Mwambie Mama asilikande goti kwa maji moto sana. Mwambie Kogo kibuyu kilikuwa na ufa kabla sijakigusa. Nimetubu miaka kumi na tano, inatosha.

Haya, mashine. Mtu anayeunda kompyuta za kuuza zikiwa tayari huweka kinachotosha leo, basi. Lakini ukiifungua utakuta nafasi tupu alizoziacha bila kupenda. Nimekuokotea vitu kutoka mashine zilizokufa hapa kazini, bosi ameniruhusu. Vinakuja kwa basi mpaka Sotik.

Zima, chomoa waya ukutani. Kata kibandiko kwa wembe, usikihurumie. Kabla ya kugusa kitu chochote ndani, shika chuma cha sanduku, na usivae ile sweta yako ya shule, maana sufu ina umeme mdogo ambao wewe huuhisi lakini memori inauhisi. Kijiti cha memori kinaingia kikiwa kimelala, halafu unakisimamisha mpaka kiseme "tak" pande zote mbili. Kadi ya sauti haitaki nguvu, inataka kunyooka. Ukidondosha skrubu ndani usiwashe mpaka uipate, hata kama ni kesho.

Halafu diski. Nakutumia kubwa, mara tano ya hiyo yenu. Ile ya zamani itoe. Diski mbili haziwezi kuishi katika sanduku moja: zitagombania njia na zote mbili zitakufa. Usinakili chochote, utahamisha na virusi. Itoe ilivyo, ifunge kwa gazeti, unitumie. Nitaisafisha huku.

Umesema Baba alikuwa akiandika. Aliandika sana? Ulipata kuona?

Pole kwa kumuuguza. Najua ni wewe unayembeba.

Kipngetich


Chepilat,
27 Aprili 1997

Kaka,

Amani iwe kwako na kwa maji yako ya ghorofa ya pili. Huku ndama ameanza kula majani na Mama amempa jina la yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akituchapa. Kogo amekataa toba yako. Anasema uje uitoe mbele ya kibuyu.

Kifurushi kilifika salama. Kulikuwa na kitu ambacho hukukitaja. Nilidhani ni joistiki ya kawaida mpaka nilipoishika: vitufe umevihamishia upande mwingine, waya zimechomelewa upya, na mpini umeukata ukaufunga ngozi ili ukae katika kiganja cha kushoto. Kwa hiyo barua zangu unazisoma zote, hata yale usiyoyajibu.

Niliifungua Jumamosi saa nne asubuhi. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Hiyo ni ya babako," aliniambia. "Ikifa utamwambia nini?"

"Hata ikifa hataniuliza."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Mama akakunja kitambaa, akasema polepole, "Bado ana macho ya kukuuliza."

Nikakata kibandiko. Ndani ni vumbi la miaka miwili na buibui mkavu. Nilishika chuma kama ulivyosema, nikaweka memori, kadi, kile kisanduku cha CD. Nilipowasha, ililia mara tatu na skrini ikabaki nyeusi. Mama akaanza kuomba kwa Kikipsigis, harakaharaka, kama anayefukuza nyani shambani. Nikazima, nikachomoa, nikapapasa vijiti kimoja kimoja, na kweli kimoja kilikuwa kimesema "tak" upande mmoja tu. Nilikibonyeza tena. Ikawaka.

Kaka, ile sauti. Injini ilipoanza kunguruma ng'ombe walisimama malishoni. Nilimwekea Baba mpini mkononi, skrini nikaisogeza kushoto kwake. Aliigonga ndege kwenye mlima mara sita. Ya saba ilipita juu ya kilele, akacheka. Tulimsikia wote. Ni sauti ya kwanza tangu Januari.

Diski ya zamani sijaitoa, na ile kubwa ingali kwenye gazeti lake; kwa sasa gemu inasomwa kwenye CD yenyewe. Nimeona ndani ya ile ya zamani pahali Baba alipopaita MPAKA, na humo faili moja tu, lenye neno la siri. Nisingependa kutuma kitu ambacho sikijui.

Tena Jumanne mchungaji alikuja na Nyambeki, mke wa Mogaka. Sikuwa nimemwona miaka mitano. Amekonda. Alikaa kushoto kwa Baba bila kuambiwa, akapitisha kiganja juu ya meza, akasema, "Ubao huu mume wangu aliupiga randa siku mbili." Kumbe kamati ya upatanisho ya makanisa ya pande zote mbili inakaa tarehe 14 Juni hapa shuleni. Watauliza jambo moja: Mogaka aliuza shamba lake, au alifukuzwa? Yule anayechuna chai ya shamba hilo sasa anasema aliuziwa. Shahidi wa Mogaka ni Baba peke yake, na Baba alimwahidi mchungaji kwamba ataleta maandishi.

Mwaka ule wa mapigano nilikuwa bwenini, kidato cha kwanza. Niliporudi nyumba ya Mogaka ilikuwa majivu, nawe ulikuwa umekwenda Nairobi kutafuta kazi. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Niambie unachokijua.

Chepkurui


Nairobi,
14 Mei 1997

Chepkurui,

Salamu kwa wote. Mimi sijambo.

Nilikupa maagizo ukachagua ya kufuata. Diski hiyo ni ya zamani na imechoka. Ikifia ndani itaunguza ubao mzima, na Baba atakosa hata hiyo ndege yake. Nimeona mashine nyingi zikifa hivyo. Itoe wiki hii. Ukishindwa kuituma, itie kwenye maji.

Faili la Baba liache. Mzee ana siri zake na hakumpa mtu ruhusa.

Ya Mogaka yaliisha zamani. Aliuza. Watu wengi waliuza mwaka ule.

K.


Chepilat,
22 Mei 1997

Kaka Kipngetich,

Nakusalimu, nami nakuombea afya. Mama anakusalimu. Baba ameongezeka uzito kidogo. Anatua ndege sasa, si kila mara. Watoto wa jirani huja kusimama dirishani wakati wa kutua na hakuna anayesema neno mpaka magurudumu yaguse.

Nilikwenda kiwandani kumwona Eliakim. Ndiye anayezitunza kompyuta za ofisi. Alikuwa akila samaki juu ya karatasi za mizani, akafuta vidole, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nani amekwambia haziwezi?" aliniuliza.

"Fundi wa Nairobi."

"Basi huyo fundi arudi shule, nyathina, mtoto wangu. Hapa kwangu ziko mbili mbili tangu mwaka juzi." Akanionyesha nyuma ya diski kikofia kidogo cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama. Ukikihamisha pini moja, diski moja inaongoza na nyingine inafuata. Basi. Nilirudi nyumbani nikakihamisha kwa kibanio cha nyusi. Diski mbili zinaishi katika sanduku moja tangu Jumatatu na hakuna iliyokufa.

Wewe unajua kikofia hicho. Hukusahau. Ulinidanganya kwa jambo ambalo ulijua sina mtu wa kuniambia ukweli wake, na Mungu akaniletea mtu anayekula samaki. Nilikaa siku mbili nikijiuliza ni kwa nini, na siku zote mbili nilijua.

Faili sikulivunja. Nililifungua mpaka pale linapodai neno la siri, nikasogeza kibodi kushoto. Sikumwomba Baba. Nilikaa tu. Alitazama kwa muda mrefu, halafu akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja, akapumzika, herufi nyingine. Mtu asiyeweza kusema "maji". Skrini haionyeshi neno la siri likiandikwa, kwa hiyo sijui aliandika nini. Likafunguka.

Ni kurasa tatu. Ameandika saa, ameandika upepo ulikotoka. Ameandika vijana watatu, na debe la mafuta ya taa ambalo lilikuwa jikoni kwetu, na nani alilibeba. Hakuna aliyeuza kitu usiku ule.

Unakumbuka Baba alipokuwa mzee wa kijiji? Hakukubali mtu yeyote atajwe jina barazani kabla hajaitwa nyumbani mara nne. Hata mwizi wa ng'ombe. Mjumbe mlangoni, mara nne. Wengine walikuja mara ya kwanza, wengine ya nne, na asiyeitwa hakutajwa. Nimehesabu barua zangu tangu Machi. Sikujua kwamba nilikuwa nakuita, lakini hii ni ya tatu.

Chepkurui


Nairobi,
2 Juni 1997

Dada yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Wasalimie.

Umesoma ya Baba, sasa nisikie na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wale wawili nilikaa nao kibanda kimoja cha jando, na yanayofunga watu waliotoka humo siwezi kumwandikia mwanamke. Walikuja mlangoni wakasema debe lenu lina mafuta, lete. Nililibeba. Kiberiti sikuwasha mimi. Nimelisema hilo kichwani kila siku kwa miaka mitano na halijawahi kupunguza kitu, maana bila debe kiberiti kingewasha nini. Mogaka alikuwa amenifundisha kushika randa. Nilijua mlango wake wa nyuma unakwama. Nikaenda kuusukuma kutoka nje ili watoke, na walitoka, yeye na Nyambeki na watoto, na aliniona. Alinitazama tu kama unavyotazama mbwa wako aliyekuuma.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa amesimama uani. Alinimwagia maji nikanawa, akanipa nauli, akasema, "Nenda. Usirudi mpaka nikuite." Hakuniita. Pasaka, Krismasi, hakuniita. Ulipoandika kwamba ameanguka nilifunga mkoba, nikafika mpaka kituo cha basi, nikarudi. Kwa sababu hakuniita.

Sasa fikiri kama mtu mwenye akili, wewe uliyesomeshwa. Mmoja wao ndiye anayechuna chai ile. Mwingine anatembea na wakubwa. Ukisoma majina hayo mbele ya watu, mnabaki nani katika boma hilo? Baba asiyeweza kupiga ukemi watu waje, Mama mwenye goti, na wewe. Wanajua kuwasha nyumba. Mimi nawajua.

Futa. Ni amri ya neno moja, na unaijua. Halafu cheza gemu na Baba, nenda chuo, uwe mtu.

Nakuomba.

Kipngetich


Chepilat,
8 Juni 1997

Kipngetich, mwana wa mama yangu,

Salamu kwanza, maana hata leo ni lazima. Mahindi yamefika kiunoni. Ndama ni mzima. Hii naituma kwa basi, si posta, ikufikie kesho kutwa.

Nilikaa kuifuta. Nataka ujue hivyo. Ilikuwa Ijumaa mchana, Mama yuko kwenye chai, na mimi nilikuwa nimeogopa siku mbili mfululizo kiasi cha kusikia hatua uani kila mbwa alipobweka. Nilikaa kushoto kwa Baba. Niliandika ile amri. Mashine ikauliza kama nina hakika, ndiyo au hapana. Kaka, mtu aliyeiunda hakujua alikuwa anamuuliza nani.

Baba aliona. Anasoma bado, nimehakikisha. Hakunizuia. Aliondoa mkono kwenye mpini wako, akauweka juu ya goti, akangoja, vile alivyokuwa akimngoja mwanafunzi amalize kujibu hata kama anajibu makosa. Nikabonyeza hapana. Kisha nikasoma tena mpaka mwisho, na mwisho huo ndio unaonifanya nikuandikie, kwa sababu wewe hujausoma. Nanakili kama ulivyo:

"Yule wa tatu ni mwanangu. Nilimwosha mikono nikampa nauli, nikajiona nimemwokoa. Nilimwambia asirudi mpaka nimwite, kisha sikumwita, kwa sababu akirudi ningelazimika kusema. Kumficha ni kosa langu na si lake. Nikimaliza kuandika haya nitamwita."

Chini yake kuna tarehe: Jumamosi, 11 Januari. Baba alianguka Jumatatu.

Mama amejua kwamba nimesoma. Nilidhani nitamvunja moyo. Alikuwa akimenya viazi, hakuinua kichwa. "Nilijua tangu asubuhi ile," alisema. "Shati lake nililifua mimi. Harufu ya mafuta ya taa haitoki kwa sabuni moja." Nikamwambia kuhusu wale wawili na unavyoogopa. Akamenya kiazi kingine. "Nyambeki amejenga mara mbili tangu aondoke hapa," akasema. "Tukichomewa, nasi tutajenga. Soma."

Kwa hiyo sikiliza. Nakala iko kwenye disketi, katika kabati la chuma la Eliakim, na mchungaji anajua iko wapi. Kunichoma hakutaifuta. Jumamosi nitasoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Hizo zinatosha kuonyesha kwamba Mogaka hakuuza. Majina yamo katika ukurasa wa tatu. Wale wawili mchungaji ameshawaendea majumbani mwao. Mmoja amefunga mlango, mwingine anafikiri. Jina lako sitalisoma kama utakuwa umesimama kulisema mwenyewe. Usipokuwepo, na mwenyekiti akaniuliza kama kuna ukurasa wa tatu, sitasema uongo. Nimejaribu kujifunza jinsi ya kuusema na siwezi.

Baba hawezi kukuita tena, na alitaka. Basi nakuita kwa niaba yake. Hii ni mara ya nne.

Chepkurui


Nairobi,
11 Juni 1997

Dada,

Barua yako nilipewa kazini nikiwa nimeshika bisibisi, na bosi akaniuliza nani amekufa.

Nimeomba ruhusa. Nitafika Ijumaa kabla ya giza. Mwambie Mama asichinje kitu. Mwambie mchungaji nataka kumwona Mogaka kabla ya kamati, kando, na kama hataki kuniona nitasimama pale atakaponiambia nisimame. Ukurasa wa tatu uweke mezani, hiyo meza aliyoichonga yeye. Nitausoma mimi mpaka mwisho, na ile sehemu ya Baba pia.

Naogopa. Nimeona niandike hivyo, usije ukadhani nimekuwa shujaa njiani.

Mashine usiifunge. Diski zote mbili ziache ndani kama ulivyoziweka, nataka kuona kazi ya mkono wako. Usinijibu, tutapishana na barua.

Baba usimwambie. Nitaingia taratibu, nitakaa kushoto.

Kipngetich